Radhi ya Tano: Utendi wa Mwana Kupona Katika Mizani ya Elimu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote, wanaume kwa wanawake.

Ama baad. Ndugu msomaji, makala haya yametokana na swali moja nililoulizwa Nduta, wilayani Kibondo, nami sikuwa na jibu siku ile. Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea wakimbizi wa Burundi, miongoni mwao walikuwamo Waislamu kutoka Buyenzi mjini Bujumbura na kutoka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa watu hawa Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na darasa ni jambo walilolizoea tangu utoto. Nilikuwa nikienda huko kwa kibali, siku za Jumamosi baada ya Adhuhuri, kuwasomesha akina mama chini ya turubai. Tulianza na Safinatun Najaa, na kila tulipomaliza mlango mmoja wa fiqhi niliwasomea beti chache za Utendi wa Mwana Kupona ili kuwapumzisha na kuwausia.

Siku moja tulifika kwenye maneno ya radhi tano na yale yanayofuata, ambapo Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba siku ya kufufuliwa atatazamwa mumewe, na atakalolitaka mume ndilo litakalotendwa, iwe ni Pepo au ni Moto. Mama mmoja wa makamo aliinua mkono. Mumewe alikuwa ameondoka kambini kwenda kutafuta maisha katika nchi nyingine, na tangu siku hiyo hakurudi, hakutuma matumizi, wala hakutuma talaka. Akasema kwa adabu: "Sheikh, naomba unisamehe. Huyu aliyeniacha hapa na watoto wanne, ndiye atakayeulizwa mimi niende wapi?"

Nilinyamaza. Utendi huu nilikuwa nimekwisha usomesha kwa zaidi ya miaka ishirini, Ujiji, Kasulu na Kibondo, na ubeti ule nilikuwa nikiupita kama mtu apitavyo kijiji anachokijua. Nilimwambia nitamjibu Jumamosi ijayo. Makala haya ni jibu lile, nikiongeza niliyoyapata baadaye katika kuurudia utendi wenyewe.

MTUNZI NA ZAMA ZAKE

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19 Miladia. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ambaye katika miaka ya 1840 alisimama imara kuyapinga majeshi ya Sayyid Said bin Sultan wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, naye Sayyid Said alifariki mwaka huo huo akiwa baharini, safarini kutoka Maskati kurudi Unguja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858 Miladia, mjane huyu alitunga utendi wenye beti 102 kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikwisha kumshika kwa mwaka mzima. Hakuishi sana baada ya hapo.

Lugha yake ni Kiswahili cha kaskazini, ambacho sisi wa bara kinatupa taabu. Akina mama wa Nduta walicheka waliposikia "ndoo" ikiwa na maana ya "njoo", na "moya" ikiwa na maana ya "moja". Lakini baada ya wiki mbili au tatu walikuwa wakiyafasiri wenyewe, maana maneno ya dini yaliyomo humo wanayajua: faradhi, sunna, radhi, akhera.

Utendi uliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa katika nakala na katika vifua vya watu. Baadaye wataalamu wa Kizungu waliuchapisha. Alice Werner na William Hichens waliutoa kama kitabu mwaka 1934, na katika kutafsiri jina lake wakaueleza kuwa ni ushauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limewapotosha wengi. Mwenye kuusoma utendi mpaka mwisho ataona kwamba habari za mume ni fungu moja tu. Kabla yake kuna mafunzo ya dini, ya adabu na ya ukweli wa ulimi. Baada yake kuna dua ndefu ambamo mama anajiombea shifaa, anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote. Mtu akiliita hilo lote "wajibu wa mke" amechukua sehemu akaifanya ndiyo kitu kizima.

NI NANI ALIYESHIKA KALAMU?

Jambo la kwanza ninalotaka msomaji alitazame liko katika beti za mwanzo kabisa. Mama anamwita binti yake asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana maneno anayotaka kumwambia. Kisha anamwelekeza aanze kwa Bismillahi, amtaje Mtume (s.a.w.) na sahaba zake. Kwa hiyo, kwa mujibu wa utendi wenyewe, mama anasoma imla na binti anaandika. Hakuitwa katibu wa mji, wala mwalimu wa chuo, wala kaka. Msichana wa Pate wa mwaka 1858 alikuwa anajua kuandika, na mama yake aliliona hilo kuwa jambo la kawaida lisilohitaji maelezo.

Tulinganishe na mahali pengine katika zama zile zile. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, anaeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma tu, na kwamba kuandika alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Mas-hafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Tunajua kwamba mwanamke huyu aliondoka Unguja mwaka 1866 na akaiacha dini yake, na hilo tunalisikitikia. Lakini ushahidi wake juu ya malezi ya jumbani ni ushahidi wa aliyeyaona. Tazama basi: mabinti wawili wa zama moja, baba zao wakiwa mahasimu. Mmoja alijificha ili ajifunze kuandika, na mwingine aliitwa na mama yake alete wino. Tofauti hii haikuletwa na dini, kwani dini yao ilikuwa moja. Ililetwa na ada za watu na mapenzi ya wazee.

Aidha, mwishoni mwa utendi mtunzi anawageukia wanawake wote na kuwaamrisha wasome na wafahamu maana, wasije wakabeba lawama mbele ya Mola wao. Tamko lake ni "someni". Hakusema "wasomeeni". Mwenye kujua sarufi anajua uzito wa tofauti hiyo. Wanawake ndio wanaoambiwa wafanye kitendo, na kufahamu kumefungamanishwa na kusoma kwao wenyewe.

Wala Mwana Kupona hakuwa peke yake katika Uislamu wa Afrika. Katika zama hizo hizo, huko Sokoto, Nana Asma'u binti wa Sheikh Uthman dan Fodio (alizaliwa 1793, akafariki 1864) alitunga mashairi kwa Kifulani, Kihausa na Kiarabu, na akaunda mtandao wa walimu wanawake waliokwenda vijijini kuwafundisha wenzao. Hakuna dalili kwamba hawa wawili walisikiana. Bali kila mmoja alinywa kutoka katika chemchemi moja, ile ya Bi Aisha na Ummu Salama (r.a.).

MAKOSA MAWILI YA WASOMAJI

Wasomaji wa utendi huu wamekosea kwa njia mbili, na kila njia imemnyang'anya mtunzi sauti yake.

Kosa la kwanza ni letu sisi walimu wa dini. Tunachukua beti za kumtii mume, za kumkanda, kumpepea na kutomwamsha kwa kelele, tunazitoa mahali pake na kuzisoma katika hafla za ndoa kana kwamba ni nassi ya sheria. Mfano wetu ni mfano wa mtu asomaye aya ya nne ya Suratul Maa'un akasimama hapo bila kuisoma ya tano, akadhani kwamba kuswali ni jambo la kulaumiwa. Mtunzi ametanguliza radhi ya Mwenyezi Mungu, kisha ya Mtume wake, kisha ya baba na ya mama, ndipo akaleta ya mume, ikawa ya tano. Mpangilio huu una maana. Lililo nyuma linafungwa na lililo mbele yake, na kanuni yetu inajulikana: hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Ukiisoma ya tano bila ya kwanza, umeusoma utendi mwingine ambao Mwana Kupona hakuutunga.

Kosa la pili ni la baadhi ya wahakiki wa vyuo vikuu. Wako waliouona utendi huu kuwa ni minyororo tu, kwamba mwanamke ametumika kuwafunga wanawake wenzake. Wako wengine, miongoni mwao Ann Biersteker katika makala ya mwaka 1991, waliopendekeza kwamba unaweza kusomwa kama maneno ya kejeli: pale anaposema mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema, huenda anamcheka mume huyo kwa ndani. Rai hii ya pili ina akili ndani yake, na sisemi kwamba mtunzi hakutabasamu alipotamka maneno yale. Wajane huwakumbuka waume zao kwa machozi na kwa kicheko pia. Lakini wanazuoni wa usuli wametufundisha kwamba maneno hubaki juu ya dhahiri yake mpaka ije qarina ya kuyahamisha. Iko wapi qarina hapa? Mtunzi anasema kwamba aliishi na mumewe kwa furaha, na kwamba mumewe alipofikwa na faradhi alimtamkia radhi yake. Mama mgonjwa anayeyaona mauti na kumwachia bintiye dua hachezi mchezo wa kusema hili na kukusudia kinyume chake. Tukisema kwamba mwanamke hawezi kuwa na sauti yake mpaka awe anapinga, tumemfunga kwa kamba nyingine.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoishika, ni kumsoma kama tunavyomsoma mwanachuoni yeyote. Tunamheshimu, tunayatazama maneno yake katika fani yake, tunachukua la sawa na kulirudisha lenye kasoro kwa dalili. Hiyo ndiyo heshima ya kweli. Asiyepingwa kwa hoja hajachukuliwa kuwa ana hoja.

FANI YA WASIA

Fani yake ni wasia, na wasia wa mzazi kwa mtoto ni fani kongwe. Katika Qur'ani tunao wasia wa Luqman kwa mwanawe (31:13-19). Katika adabu ya Waarabu wa kabla ya Uislamu, wanafunzi wa Kiarabu wote wanaujua wasia wa Umama bint al-Harith kwa binti yake Ummu Iyas, alipokuwa akipelekwa kwa mfalme wa Kinda. Umetajwa na Ibn Abd Rabbih katika al-Iqd al-Farid. Mama yule alimpa binti yake mambo kumi ya kuyahifadhi: kuridhika, kusikiliza, kulinda macho ya mume yasione kibaya na pua yake isinuse kibaya, kuchunga saa ya chakula na saa ya usingizi, kulinda mali, kutunza siri, na mengineyo.

Ukiziweka wasia hizi mbili pamoja utaona zinavyofanana katika chakula, usingizi, usafi na manukato. Sidai kwamba Mwana Kupona alimsoma Umama. Akina mama wa dunia nzima wanajua kwamba mtu mwenye njaa na mwenye usingizi ni mkali. Lakini ziko tofauti mbili. Ya kwanza, wasia wa Umama ni hekima ya kidunia, na wa Mwana Kupona umeanza kwa dini na kumalizikia katika dua. Ya pili, Umama anazungumza na bibi harusi mmoja, na Mwana Kupona amemtoka binti yake na kuwafikia wanawake wote wasomao.

Fani hii ina mipaka yake. Wasia si kitabu cha fiqhi. Mzazi anayemuusia binti anamwambia yaliyo juu yake, hamwambii yaliyo juu ya mume, kwa sababu mume hayupo kikaoni. Haki za mke anazitafuta msomaji pengine: katika Suratul Baqara aya ya 228, inayothibitisha kwamba wanawake wana haki kwa wema mfano wa wajibu walio nao, na katika Suratun Nisaa aya ya 19, inayowaamrisha waume kukaa na wake zao kwa wema. Imamu anayesoma Mwana Kupona kwenye harusi na asizisome aya hizi mbili kwa bwana harusi amesoma nusu ya khutba.

KASORO ZINAZOPASA KUSEMWA

Nimeona kasoro mbili. Moja ni nyepesi na nyingine ni nzito.

Ile nyepesi ni pale anapomkataza binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hiyo ni sauti ya ungwana wa Pate wa zama zile. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Dharr iliyomo katika Bukhari na Muslim, amewaita wanaotutumikia kuwa ni ndugu zetu, na akaamrisha walishwe tunachokula na wavishwe tunachovaa. Mwana Kupona alikuwa na sauti, na karibu yake walikuwapo wanawake ambao sauti zao hazikuandikwa na mtu. Jikoni mwake kulikuwa na wajakazi waliokuwa na mabinti, nao bila shaka waliwausia. Hatuna hata ubeti mmoja wao. Mwenye kuandika juu ya sauti ya mwanamke asiwasahau hawa.

Ile nzito ni ubeti ulioulizwa Nduta. Je, ni sahihi kwamba siku ya Kiyama uamuzi wa mke uko kwa mume?

Kuna hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Ummu Salama (r.a.), kwamba mwanamke akifa hali mumewe yu radhi naye, ataingia Peponi. Wako wanazuoni wa hadithi walioidhoofisha kwa sababu ndani ya isnadi yake kuna wasiojulikana. Hata tukiichukua, inasema kwamba radhi ya mume ni sababu miongoni mwa sababu za kheri. Haisemi kwamba mume atawekwa kuwa hakimu. Hukumu siku ile ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Na Qur'ani imelimaliza suala hili mwishoni mwa Suratut Tahrim. Aya ya 10 imetaja mke wa Nuhu na mke wa Lut, waliokuwa chini ya waja wema wawili, na waume zao hawakuwafaa kitu. Aya ya 11 imemtaja mke wa Firauni, aliyeomba nyumba kwa Mola wake Peponi na kuokolewa na Firauni na vitendo vyake. Je, inaingia akilini kwamba Firauni ataulizwa Aasiya aende wapi?

Tena Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul An'aam aya ya 164 kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Aya hii ina historia katika elimu ya wanawake. Ibn Umar (r.a.) aliposimulia kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha watu wake, Bi Aisha (r.a.) alisahihisha mapokezi hayo, akisema kwamba hakudanganya bali amesahau au amekosea, na akatoa hoja kwa aya hii hii. Kisa kimo katika Sahihi mbili. Imam Zarkashi aliyakusanya masahihisho ya Bi Aisha kwa masahaba katika kitabu maalumu, al-Ijaba. Mwanamke aliyapima maneno kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na umma ukaliandika hilo kuwa ni elimu.

Hivyo basi, ubeti ule wa Mwana Kupona tunauchukulia kuwa ni mubalagha, yaani kutia mkazo kama wafanyavyo washairi. Mtu akiuitakidi kwa dhahiri yake amekosea katika akida. Na mwalimu anayeusomesha bila kueleza, kama nilivyofanya mimi miaka ile yote, anabeba sehemu ya makosa hayo.

JE, SAUTI YA MWANAMKE NI AWRA?

Wapo watakaosema: haya ya nini? Mwanamke hapasi kusikika. Nilipoanzisha kusomewa utendi na akina mama wenyewe, mwenzangu mmoja alinilaumu kwa hoja hii.

Jibu ni kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi, kama alivyoithibitisha Imam Nawawi katika Rawdatut Talibin, ni kwamba sauti ya mwanamke si awra. Linalokatazwa ni kulegeza sauti kwa namna ya kutamanisha, na kusikiliza kwa kukhofiwa fitina. Lau ingekuwa ni awra, dini isingetufikia kwa njia ya Bi Aisha. Khawla bint Tha'laba (r.a.) alikuja kumshitakia Mtume (s.a.w.) habari ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akateremsha mwanzo wa Suratul Mujadila kwamba ameyasikia maneno yake. Karima al-Marwaziyya, aliyefariki Makka mwaka 463 Hijria, alikuwa mmoja wa wapokezi wakubwa wa Sahihi ya Bukhari, na al-Khatib al-Baghdadi alisoma kwake. Na Imam Dhahabi ameeleza katika Mizanul I'tidal kwamba hakumjua mwanamke miongoni mwa wapokezi aliyetuhumiwa wala aliyeachwa kwa uongo. Watu wa namna hii hatuwezi kuwaambia wanyamaze.

JIBU LA NDUTA, NA WASIA ULIOFUATA

Jumamosi ile nilirudi Nduta. Nilimsomea yule mama aya mbili za Suratut Tahrim, nikamfasiria. Nikamwambia: "Mama, aliyekuacha ataulizwa juu yake yeye, kwa sababu alikuwa mchunga na kila mchunga ataulizwa alichokichunga. Wewe utaulizwa juu yako." Suala la faskhi nililijibu peke yake, na si mahali pake hapa. Akasema: "Alhamdulillahi, Sheikh. Nilikuwa sijalala tangu siku ile." Neno hilo liliniuma kuliko lawama, maana wiki nzima mja wa Mwenyezi Mungu alikuwa amekoseshwa usingizi na ubeti niliousoma mimi.

Miezi mingi baadaye, binti yake mkubwa alijiandikisha kurudi Burundi pamoja na shangazi yake, kama walivyofanya maelfu ya wakimbizi tangu mwaka 2017. Mama alinijia na daftari la shule. Alikuwa amemsomea binti yake maneno, na binti ameandika kwa kalamu ya wino wa buluu. Akataka niyatazame. Yalikuwa ya kuusia, kurasa mbili na kidogo, wala hayakuwa na vina. Alikuwa amezitaja radhi tano kwa mpangilio wake. Lakini penye ya tano aliandikisha kwamba ni radhi ya mume anayemcha Mungu, na kwamba asiyemcha, binti amwombee uongofu lakini asimwogope kama anavyomwogopa Mola wake. Baada ya hapo akamuusia atunze cheti cha shule, asiache Swala ya Alfajiri, na asimseme vibaya baba yake mbele ya watu.

Nilishika kalamu nisahihishe. Nilitaka maneno yaende sawa na yale ya Mwana Kupona, nikafikiri pia kwamba "asimwogope" ni zito mno kwa binti ambaye hajaolewa. Mama akaweka mkono juu ya daftari. "Sheikh, naomba usahihishe herufi tu. Maneno niachie." Nikasahihisha herufi. Katika "Bismillahi" paliachwa herufi moja, na katika "akhera" palizidi moja. Mengine yalibaki kama alivyoyasema.

Mwana Kupona mwenyewe, katika beti zake za mwisho, amejiita gharibu mwenye huzuni. Nimekuwa nikiwafasiria wanafunzi neno hilo kwa miaka mingi kuwa ni "mgeni", nikaendelea mbele. Nduta nilifundishwa maana yake na watu waliokuwa wakiishi ndani yake.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WALIMU

Kwanza, tusiuache Utendi wa Mwana Kupona. Ni hazina ya lugha na ya dini, na ni ushahidi kwamba wanawake wa umma huu walisoma, wakatunga na kufundisha. Tuusomeshe wote, kuanzia wino na karatasi mpaka dua ya mwisho.

Pili, tukifika katika ubeti wa radhi na Kiyama tusimame, tusome Suratut Tahrim aya ya 10 na ya 11, ndipo tuendelee. Mbele yetu huenda ameketi aliyetelekezwa, au anayepigwa, na sisi hatujui.

Tatu, tuwape akina mama na mabinti kalamu. Kila mzazi ana wasia. Akina mama wanaojua kusoma Mas-hafu na hawajui kuandika jina ni wengi katika misikiti yetu ya Kibondo na Kasulu, na saa moja ya darasa kwa wiki inatosha kuanza. Nao wakileta walichoandika, tusahihishe herufi.

Nikiwa nimesibu, ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu. Nikiwa nimekosea, ni kwa upungufu wangu, na mlango wa kunisahihisha uko wazi kwa kila mwenye dalili, mwanamume au mwanamke.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.